Gramu 180 si risasi, hio ni simu

Kwa Mhariri,

Asalaam aleikum. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, gazeti nalisoma pale kahawani Mwembe Tayari na nikimaliza nampa jirani yangu, kwa hio shilingi zangu hamzipati nyingi lakini macho yangu munayo. Juzi mumeandika habari ya vijana wa Pwani walioko Ulaya ambao siku hizi wanatoka na wenyeji kwenda kusaka huyu mnyama mkubwa wa misitu ya baridi anaitwa moose, na habari yenyewe nzuri, picha nzuri, nikawa naifurahia mpaka nikafika pale mwandishi wenu aliposema ati kijana alitumia "risasi ya gramu 180". Gramu mia na themanini mhariri! Simu hii ninayoandikia nimeteremka nayo kwa muuza viungo hapa chini akaniwekea kwenye mizani yake, gramu 184 pamoja na kava. Sasa huyo mnyama alipigwa risasi ama alirushiwa simu?

Ni grani, si gramu. Grani ni kipimo cha kale cha Waingereza na Wamarekani mpaka leo ndicho wanachoandika kwenye maboksi ya risasi, gramu moja ni grani 15.43, kwa hio grani 180 ni gramu 11.66 basi. Na kwa sisi watu wa Mombasa hesabu hii hata haitaki kalkuleta manake mtu yeyote aliyewahi kupeleka bangili ya mamake kwa sonara anaijua tola, na tola moja ni grani 180 kamili, haizidi haipungui. Yaani kichwa cha risasi alichotumia yule kijana kina uzito wa tola moja. Mungepita kwa sonara yeyote wa Mji wa Kale kabla ya kuchapisha angewasahihisha bure na kahawa akawapa.

Lakini kwa gramu peke yake nisingejisumbua kuandika. Kilichoniudhi ni chini yake, pale mwandishi alipotoa ushauri kwa vijana wengine, ati mnyama mkubwa anataka risasi kubwa, "kubwa ndio dawa", na akamaliza hapo kama amesema neno. Hapo ndo nikamwambia mke wangu niletee miwani.

Niseme mimi ni nani kwanza. Nimezaliwa 1954, na nikiwa na miaka kumi na tisa nilichukuliwa kazi ya kubeba bunduki na wawindaji waliokuwa wakipeleka wageni Galana na kule nyuma ya Voi. Nimefanya kazi hio miaka minne mpaka tarehe 19 Mei 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima, tukarudi mjini na mabegi yetu. Kazi yangu ilikuwa kubeba, kusafisha mitutu, kuhesabu risasi jioni (ikipungua moja hulali) na kufuata damu. Kupiga nimepiga kidogo sana, lakini kuangalia risasi imefanya nini ndani ya nyama hio nimeangalia sana, manake sisi ndo tuliokuwa tukichuna. Na asije mtu akasema mzee kaniruhusu, hapa kwetu kuwinda ni jela, sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo, mimi naongea habari ya huko kwao ambako ni halali na kuna vibali.

Sasa Kiswahili chetu nacho kwenye jambo hili kinatuchanganya kidogo. Risasi ni ile madini nzito ya kijivu wanayofungia nyavu wavuvi, risasi ni kile kitu kizima unachotia kwenye bunduki, na risasi ni kile kichwa kinachoruka peke yake. Mtu akikwambia nunua risasi nzuri anakusudia ipi? Kitu kizima kina ganda la shaba ya njano, kina fataki pale matakoni, kina baruti ndani, na mbele kina kichwa. Watu wanabishana usiku kucha juu ya ganda, refu, fupi, magnum (lenye baruti nyingi zaidi), la Kimarekani, la Kijerumani, na anayeingia ndani ya mnyama ni kichwa peke yake. Ganda linabaki mkononi mwako.

Nimeona kwa macho yangu. 1975, mgeni mmoja alikuja Galana na bunduki mpya kabisa, magnum, inang'ara, na risasi zake mwenyewe kwenye sanduku la mbao, vichwa vyepesi vyenye kasi kama umeme, vya kupigia swala mbali kule kwao. Tukakuta pofu dume, yule swala mkubwa kuliko wote, na pofu dume si mchezo, anapita kilo 600. Akampiga bega la kushoto, mita sitini hivi, saa mbili asubuhi. Mimi niliona vumbi limeruka pale begani na mnyama akayumba nikasema huyu kalala. Hakulala. Aliondoka na mguu mmoja anauburuza, kisha baada ya muda hata kuuburuza akaacha. Damu mara ya kwanza ilikuwa nyingi, matone makubwa kwenye mchanga, ukifika saa nne yamekuwa madogo, ukifika saa saba unatafuta alama ndogo kwenye ncha ya jani moja katika majani elfu, na jua la Galana mnalijua. Magharibi ikatukuta hatujampata. Tukampata asubuhi ya pili na fisi walikuwa wameshafika kabla yetu. Nilipofungua lile bega nikakuta kidonda kipana kama kisahani cha kikombe cha chai, nyama imevurugika yote, lakini kina chake hata kidole changu hakikuzama chote. Kichwa kilipasuka kwenye mfupa vipande vipande, nikavitoa vile viganda vya shaba vimekunjamana kama maganda ya kitunguu. Mapafu mazima, moyo mzima. Bunduki ilikuwa na nguvu ya kutosha nyati wawili, ila nguvu yote iliishia mlangoni.

Mnyama yule aliteseka usiku mzima, na mimi mpaka leo nikisikia mtu anasema kubwa ndio dawa namuona yeye.

Baadaye sana nikaja kusoma habari ya Mmarekani mmoja, John Nosler, ambaye yaliyomkuta yeye yanafanana na haya na yamemkuta kwa huyuhuyu moose. Ilikuwa 1946 huko British Columbia, Canada, bunduki yake .300 H&H Magnum, si ndogo hio, na moose aliyempiga alikuwa amegaragara kwenye matope yakamkaukia mwilini, vichwa vikawa vinapasukia kwenye tope na ngozi haviingii ndani. Yeye hakwenda kununua bunduki kubwa zaidi. Alikwenda karakanani kwake akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inachanua, nusu ya nyuma inabaki nzima inasukuma, na 1948 akafungua kampuni ya kuviuza, ndo kile kichwa kinachoitwa Partition. Mtu amefeli akajiuliza kichwa kimefanya nini ndani, na mwandishi wenu angejiuliza hivyo pia tusingefika hapa.

Nikaisema hii kahawani, na kama mnavyojua kahawani hakuna mtu wa kukubali jambo mara moja. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, alikuwa karani bandarini, akaruka na hoja ya upande wa pili kabisa, akasema mbona Bell, yule mwindaji Mskoti wa Karamoja kule Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja na wengi wao kwa bunduki ndogo ya 7x57 (kichwa cha milimita 7, ganda la urefu wa milimita 57), kwa hio si kubwa wala nini, ndogo yatosha, shabaha tu! Ni kweli Bell alifanya hivyo. Lakini Bell alikuwa akitumia risasi ngumu, isiyochanua, inayopita mfupa moja kwa moja kama msumari, na alikuwa amepasua vichwa vya tembo kwa msumeno akasoma ubongo umekaa wapi, na alikuwa akimlenga ubongo. Ukimpiga moose risasi ngumu kwenye mapafu itaingia huku itoke kule na kishimo cha upana wa penseli, mnyama atakwenda kilomita kadhaa ndo afe, kama atakufa. Kwa hio Bell ni hoja ya risasi ngumu na ubongo wa tembo. Kwa mapafu ya moose haitusaidii. Yule mzee akasema haya, tumsikie fundi. Nafikiri alikuwa ananicheka.

Na hapa kuna jambo la ajabu ambalo vijana hawalijui. Risasi inayochanua ilikatazwa vitani tangu mkataba wa Hague wa 1899, kwa kuwa inachana mtu vibaya, ndo maana zile za majeshi zimefunikwa shaba mpaka nchani. Kwenye uwindaji ni kinyume chake, huko Norway na Sweden na Finland sheria inakulazimisha utumie inayochanua kwa mnyama mkubwa, na ile ya kijeshi ndo marufuku, kwa sababu hapa unataka mnyama afe haraka, hutaki ajeruhiwe akaenda zake. Kwa hio kijana asije akaona risasi za kijeshi za bei rahisi akafikiri kaokota embe chini ya mnazi.

Sasa nije kwa mpwa wangu, mtoto wa dadangu, ambaye ndo sababu ya mimi kuyajua ya huko. Yeye yuko Norway, sehemu za Elverum, misitu mitupu, ameoa huko na kazi yake ni ya mbao. Huyo moose wao wanamwita elg, yeye ananiambia "elgi" na mimi nitasema elgi kwa sababu Kiswahili hatuna jina lake na jina la kunyang'anya si dhambi. Elgi dume wa huko anafika kilo 500 na ushei, wale wa Alaska wanapita 600 na zaidi, mfikirie pofu wetu mwenye miguu mirefu zaidi na pua kama amevaa viatu usoni. Miaka michache nyuma akanitumia voisi usiku, "Mjomba shikamoo, wakwe zangu wananipeleka kusaka elgi, bunduki ya kununua ninayo pesa, risasi gani nichukue, kila mtu hapa ananiambia lake." Nikamjibu marahaba mwanangu, kwanza nisomee sheria yao inasemaje.

Akanisomea. Alipofanya mtihani wa uwindaji 2019 (huko huwindi bila mtihani) alifundishwa hivi, kichwa kisipungue gramu 9. Kikiwa kati ya 9 na 10 basi kikifika mita 100 kiwe bado na nguvu ya juli 2700. Kikiwa gramu 10 kwenda juu, juli 2200 zatosha. Sikilizeni hapo mhariri, kichwa kizito kinaruhusiwa kuwa na nguvu ndogo kuliko chepesi. Kwa nini? Kwa sababu wale watu wanajua yaliyompata pofu wangu. Nguvu ya juli inatokana na kasi mara kasi, ukizidisha kasi mara mbili nguvu inakuwa mara nne, kwa hio chepesi cha mbio kinaweza kuonyesha namba kubwa kwenye boksi na ndani ya nyama kikapasuka kama yai. Kizito kinakwenda pole na kinafika.

Nikachukua daftari la mjukuu nikapiga hesabu, nusu ya uzito mara kasi mara kasi. Kichwa cha gramu 9 ili kiwe na juli 2700 pale mita mia lazima kiwe bado kinakwenda kama mita 775 kwa sekunde. Cha gramu 10 ili kiwe na juli 2200 kinatosha kwenda mita 663 kwa sekunde. Tofauti kubwa hio. Ndo maana ile 6.5x55 ya tangu 1894, ambayo Norway na Sweden waliianzisha pamoja kwa majeshi yao, mpaka leo wazee wa huko wanaulia elgi na wengine wanaicheka ati ni bunduki ya sungura, lakini ukiitia kichwa chake kirefu cha gramu 10.1 inapita sheria hio vizuri, na ukiitia cha gramu 9 inahangaika. Bunduki ni ileile, kichwa ndicho kilichobadilika.

Basi tukaanza kuchagua. Shemejiye akampendekezea .300 Winchester Magnum, ya 1963, nguvu tele. Nikamuuliza mpwa wangu umewahi kupiga bunduki kubwa, akasema hapana mjomba. Nikamwambia basi hio itakufundisha kufumba macho. Teke la bunduki mhariri ni adui wa shabaha kuliko upepo, nimeona wanaume wazima, wageni wenye vifua, ukiwatilia ganda tupu bila wao kujua wakavuta kifyatulio mtutu unaruka wenyewe kwa woga na hakuna hata baruti. Na huko Norway kila mwaka kabla ya msimu lazima upige mtihani wa shabaha, risasi tano mita mia kwenye picha ya mnyama, zote tano ziingie kwenye duara la sentimita 30, duara la ukubwa wa sahani ya biriani ya mtu mmoja. Moja ikitoka umefeli. Ukiogopa bunduki yako hupiti.

Mzee wa kikosi chao cha uwindaji yeye anatumia 9.3x62. Hio nilipoisikia nilicheka peke yangu kitandani, manake hio ni yetu! Ilitengenezwa 1905 na fundi wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa Afrika, Tanganyika wakiwemo, watu wasiokuwa na pesa za kununua zile bunduki za Kiingereza za mitutu miwili. Kichwa chake cha asili gramu 18.5, yaani tola moja na nusu na zaidi, polepole, kinaingia mpaka ndani bila kelele nyingi. Mimi nimeibeba, ilikuwa ya mwindaji mmoja aliyetokea upande wa Tanga, na sijawahi kuona kichwa chake kimepasukia bega. Sasa huku kwetu uwindaji umekwisha, imehamia misitu ya theluji inapiga elgi na nguruwe mwitu. Kama mpwa wangu angekuwa amezoea bunduki ningemwambia chukua hio ulale.

Lakini hajazoea. Kwa hio tukakubaliana .308 Winchester, ya 1952, ndugu yake ile 7.62 ya G3 munayoiona begani kwa askari wetu, ganda karibu ni lilelile, kichwa ndo tofauti. Teke lake linavumilika, risasi zake zapatikana kila duka la huko, na za mazoezi ni rahisi. Wengine wangesema .30-06 ya 1906, sawa pia, ndo jamii ya bunduki ya Springfield aliyoteremka nayo Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, hapa Mombasa Aprili 1909, na kipenyo cha kichwa ni kimoja. Mimi sioni elgi wa mita sabini atakayejua tofauti. Na huko msituni mbwa wanamsimamisha mnyama, mara nyingi haifiki hata mita mia, kwa hio hadithi za kupiga mbali waachie watu wa video.

Kichwa sasa. Nikamwambia kisiwe chini ya tola moja, kiwe cha kuchanua, na kiwe kile ambacho risasi ya ndani imeunganishwa na shaba ya nje kwa moto zikawa kitu kimoja, zisiachane zikigonga mfupa. Akanitumia picha ya boksi, nikaona jina Oryx, yaani choroa! Hao waliokitengeneza, Norma, kiwanda chao kiko Sweden, Åmotfors, kilianzishwa 1902 na ndugu wa Kinorway, na kichwa chao wamekiita jina la choroa wangu wa Galana. Sikusema nunua hio kwa sababu ya jina lakini sitakataa kwamba lilinilainisha. Viko vya makampuni mengine vya aina hio na vizuri tu.

Mkewe akaleta suala la shaba tupu, zile risasi zisizo na risasi (Kiswahili hiki!). Yeye wakati huo alikuwa mjamzito na ni muuguzi, akasema vipande vidogo vya risasi vinabaki kwenye nyama hata macho hayavioni, ukipiga picha ya eksirei vinaonekana kama nyota kuzunguka kidonda, na risasi ni sumu kwa mtoto tumboni na kwa watoto wadogo. Hilo ni kweli kabisa na enzi zetu hakuna aliyetuambia, tulikula tu. Shaba tupu haimeguki hivyo. Ila ina mambo yake, shaba ni nyepesi kuliko risasi, sentimita moja ya ujazo ni gramu 8.96 na risasi ni 11.3, kwa hio kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, na kirefu kinataka mtutu unaokizungusha haraka, si kila bunduki ya zamani itakipenda. Na kikifika kimechoka hakichanui vizuri. Kwa .308 na mita sabini hakuna shida, kwa ile 6.5 ya babu mkwe kidogo ufikirie. Mwishowe mwaka wa kwanza alitumia hio ya kuunganishwa na nyama yote ya kuzunguka kidonda wakaikata wakaitupa, bila huruma, upana wa kiganja kila upande, na mkewe hakula kabisa. Mwaka wa pili akahamia shaba tupu. Mimi naona mkewe alikuwa sawa tangu mwanzo na nilimwambia hivyo.

Kisha nikampa mambo manne ya kizee, nayo si ya kubishana. Ukishachagua risasi rekebisha darubini kwa risasi hiohio, ukibadilisha boksi la aina nyingine rekebisha tena, usidhani zitagonga pahali pamoja. Lenga nyuma ya bega, mapafu ni makubwa kama mto wa kulalia, usilenge kichwa cha mnyama ukajifanya Bell. Na elgi akisimama baada ya kupigwa ukaona hajaanguka usimshangae wala usijipongeze, tia nyingine. Huyo mnyama ana tabia ya kusimama kama hakuambiwa. Na akiondoka angalia damu, yenye povu nyekundu ya kung'ara ni mapafu, yuko karibu, nyeusi nzito ni ini, subiri, yenye harufu ya majani ni tumbo, hapo umeharibu, ita mbwa wa kufuatilia. Huko kwao ni sheria uwe na mbwa wa kufuatilia aliye tayari kabla hata hujatoka nyumbani, laiti mwaka 1975 tungekuwa naye.

Akauliza pia kama nyama hio ni halali. Mimi si sheikh, nikampeleka kwa wanaojua, imamu wetu akamkumbusha ile hadithi ya Adiy bin Hatim, mshale ukiingia kwa ncha kula, ukipiga kwa ubavu mnyama akafa kwa pigo usile, na risasi hii inatoboa na kutoa damu, kwa hio sema Bismillahi unapofyatua, na ukimkuta bado hai basi kisu. Kisu anacho, nilimpa mimi, cha Lamu.

Sasa mwisho wa habari. Alipokuja likizo alinifungulia kitambaa, ndani yake kichwa kile cha risasi alichokitoa kwa elgi wake wa kwanza, dume. Alimpiga mita sitini na tano, kichwa kikavunja ubavu, kikapita mapafu yote mawili, kikasimama chini ya ngozi ya upande wa pili, mnyama akaenda hatua kama arobaini akakaa chini. Kimechanua mbele kama uyoga, petali nne zimekunjika nyuma, matako yake bado mazima, ukikipitisha kidole unasikia mistari ya mtutu. Tukatoka mimi na yeye kwa miguu mpaka kwa sonara ninayemjua Mji wa Kale, kijana wa yule aliyemtengenezea mke wangu kidani, nikamwambia nipimie hiki. Akakigeuza geuza, akauliza mzee hii dhahabu gani, nikamwambia pima tu. Mizani ikasoma gramu 10.9. Akasema tola kasoro. Kwa hio kimepita ubavu na mapafu ya mnyama wa nusu tani na kimepoteza chini ya gramu moja, na mimi nikamkumbuka pofu na yale maganda ya kitunguu kiganjani mwangu.

Kwa hio mhariri, naomba toleo lijalo mrekebishe ile gramu iwe grani, na ile "kubwa ndio dawa" muitoe kabisa ama mwandishi aje kahawani Mwembe Tayari baada ya laasiri, nitamuonyesha hicho kichwa, mpwa wangu kaniachia. Kahawa juu yangu, kashata anunue yeye.

Wasalaam,
Mbeba bunduki mstaafu,
Majengo, Mombasa